Krauni, Pinieni na Kopo la Masizi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa gunia. Lilikuwa gunia la katani lililofuliwa likakaushwa juani, na Mkuu wa Karakana alinionyesha kwa kidole mahali pa kulitandika, kando ya lori lililokuwa limeshushwa injini. Nilikuwa nimefika Dodoma kutoka milima ya Kondoa nikiwa na shati la kuazima na cheti cha ufundi, na cheti chenyewe nilikishika kwa mikono miwili nikisubiri kisomwe. Mkuu hakukisoma.

"Kikunje," alisema. "Sasa tandika gunia, na kila kitu nitakachokupa kiweke pale nitakapokwambia. Maswali baadaye."

Karakana ilikuwa Kizota, mali ya kampuni ya uchukuzi iliyokuwa na malori ya kubeba mahindi, alizeti na mifugo kote huku nyanda za kati. Siku hizi kampuni haipo tena, hata geti lake limeng'olewa. Malori yalikuwa makuukuu tangu wakati huo, kwa hiyo kazi yetu kubwa ilikuwa kusuka injini. Nawaeleza ninyi mnaopeleka gari gereji na kukaa kwenye kiti mkitazama simu: kusuka ni kuifumua injini yote mpaka libaki bloku tupu, kutazama kipi kimekufa na kipi bado kizima, kubadilisha kilichokufa, halafu kuirudisha ifanye kazi. Kufumua si kazi. Hata ng'ombe ukimfungia ndani ya karakana atafumua kitu. Kazi ni kurudisha.

Ndiyo maana ya gunia. Kila chuma kilichotoka kwenye injini kililazwa pale kwa mpangilio uleule kilivyokaa ndani. Chukua konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki shafti. Kila konrodi ina kofia yake inayofungwa kwa boliti mbili, na kofia hiyo ilichongwa ikiwa imefungwa kwenye mkono wake. Ukiichukua ukaifunga kwenye mkono wa jirani, itaingia vizuri tu. Boliti zitakaza. Utafurahi, utanawa mikono, utakwenda kunywa chai. Lori litafika njiani na injini itajikaba. Kwa hiyo gunia la fundi lilikuwa haliguswi wala halirukwi. Watu walilizunguka, hata Mkuu mwenyewe, na aliyeliruka aliosha vyuma vya karakana nzima kwa mafuta ya taa.

Sehemu ya pili ya kazi tuliiita kuoanisha, na hiyo ndiyo niliyoipenda. Spea ya lori la zamani haikuwa ikifika ndani ya boksi lake. Ilitoka kwenye lori jingine lililokufa. Basi ilibidi ujue kama hiki kitakubaliana na kile. Klachi pleti ina meno madogo katikati, na lazima yaingie kwenye shafti ya giaboksi yakiteleza, bila kubana na bila kucheza. Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ina ringi ya meno pembeni, na hayo lazima yapatane na meno ya stata, la sivyo utasikia mlio wa kukereza chuma kila asubuhi. Ukisuka injini ukaipa nguvu mpya halafu ukaisahau difu, ile gia ya katikati ya magurudumu ya nyuma, umefanya kazi nusu, maana nguvu hiyo yote inaishia kwenye meno ya krauni na pinieni.

Hao wawili niwaeleze vizuri, maana ndio wa habari hii. Pinieni ni gia ndogo inayozungushwa na propela shafti. Krauni ni gia kubwa ya duara inayopokea mzunguko huo na kuupeleka kwenye magurudumu. Kiwandani husagwa pamoja, jino kwa jino, hadi zijuane, kisha hugongwa namba moja. Mkuu wa Karakana aliziita mtu na mkewe. Ikifa moja, unatoa zote mbili.

Ili kujua kama meno yanakutana sawasawa, vitabu vilitaka rangi maalumu ya bluu. Yetu iliisha zamani, na sidhani kama kuna aliyekumbuka kuagiza nyingine. Mkuu alitumia masizi ya sufuria yaliyokorogwa na oili kidogo. Unapaka meno machache ya krauni, unazungusha pinieni kwa mkono, mbele na nyuma, halafu unatazama masizi yamefutika wapi. Yakifutika katikati ya jino, funga. Yakifutika kwenye ncha au kwenye shina, ongeza au punguza vile vibati vyembamba vya nyuma yake, urudie. Na masizi yawe ya kuni. Mkaa hautoi masizi ya maana.

Masizi yangu yalitoka Kondoa, kwa mke wangu.

Nilimwoa Zaina nikiwa bado mgeni Kizota, na tulikubaliana angekuja mjini mara mama yangu akipata nafuu. Mama hakupata nafuu upesi. Shamba nalo halikuweza kuachwa, kisha akazaliwa Rukia, kisha mimi nikahamishwa. Hakuna siku tuliyokaa tukaamua kuishi mbalimbali. Ilitokea tu, na ikaendelea kutokea. Kila likizo nilikwenda nyumbani, na siku ya kuondoka nilichukua kopo la maziwa ya unga, nikakaa jikoni, nikakwangua masizi ya sufuria zake kwa kisu.

"Waume wa wenzangu wakiondoka wanabeba mahindi," alikuwa akisema Zaina. "Wewe Baba Rukia unabeba uchafu."

"Uchafu huu unapeleka malori mpaka Singida, Mama Rukia."

"Basi na mimi siku moja unipeleke."

Tulicheka. Nilimpeleka Dodoma mjini mara moja, wakati wa maradhi ya jino, akarudi siku iliyofuata kwa sababu ya kuku.

Uhamisho wangu wa kwanza ulikuwa Gulwe. Kampuni ilikuwa na kituo karibu na stesheni, mizigo ikishushwa kwenye behewa inapakiwa kwenye malori. Fundi nilikuwa peke yangu. Juu yangu alikuwapo Msimamizi wa Kituo, mtu mwema ambaye hakupenda mazungumzo. Akija asubuhi alisema, "Fundi," nami nilisema, "Mzee," na hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu mpaka jioni. Treni ilipita, watu wakanunua chochote walichonunua madirishani, ikaondoka, na kijiji kikanyamaza. Mwezi wa Ramadhani nilifuturu peke yangu kizingitini, uji na tende, nikielekea relini. Mama mmoja wa Kigogo, jirani yangu, Mkristo, aliniona hivyo akaanza kuniletea mlenda na ugali jua likizama. Aliweka sahani, akaondoka. Sijui kama nilimshukuru vya kutosha. Nilikuwa mpweke, nalisema wazi, na mpweke hujiona amesahauliwa hata sahani ikiwa mbele yake.

Baada ya hapo nikapelekwa Kongwa, na Kongwa ndiko nilikojifunza jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipostaafu.

Lori letu moja lilivunja meno ya pinieni. Injini yake nilikuwa nimetoka kuisuka, imekaa sawa, ina nguvu kama imetoka kiwandani, na nadhani nguvu hizo ndizo zilizomaliza difu iliyochoka. Tukaagiza. Ikaja pinieni peke yake, mpya, imefungwa kwa karatasi ya nta. Krauni haikuja. Nikamwendea Meneja wa Kituo ofisini kwake.

"Hii haiwezi kufungwa na krauni ya zamani," nilimwambia.

"Kwa nini? Meno si ya idadi ileile?"

"Idadi ni hiyohiyo, lakini hazijasagana. Ile ya zamani imelika kwa kufuata mwenziwe aliyekufa. Hii haijui imelika vipi."

"Fundi, mahindi yanasubiri. Vyuma havina mambo ya kujuana. Funga."

Nilifunga, kwa sababu aliyesema alikuwa Meneja. Lori lilitoka likilia. Ulikuwa mlio mrefu, mwembamba, usiokatika, na kadiri dereva alivyoongeza mwendo ndivyo ulivyopanda. Wanakijiji walilijua likiwa bado mbali. Wakaliita Mwimbaji. Meneja alisema litazoea. Waliliwekea mzigo kamili siku hiyohiyo, na kabla ya mavuno kumalizika meno yalikatika kwenye mlima, lori likarudi kinyumenyume na tela lake mpaka likaegemea ukingo. Dereva alitoka mzima. Alikaa kando ya barabara akivuta sigara.

Mkuu wa Karakana alikuja kutoka Kizota kuliona. Alikuwa amekwisha kuzeeka, akitembea kwa fimbo, lakini alilala chini ya lori kama sisi wengine. Tulikuwa na pinieni nyingine na krauni nyingine, za malori mawili tofauti, na hakukuwa na jozi kamili popote. Nikamuuliza tufanyeje.

"Zinaweza kuzoeana," alisema. "Tia dawa ya kusagia kwenye meno, zungusha kwa mkono. Osha. Paka masizi, tazama. Tia dawa tena. Ukichoka, pumzika, urudie. Halafu lori liende tupu kwanza, Mpwapwa na kurudi, Mpwapwa na kurudi. Aliyeharibu lile si aliyefunga. Ni aliyelitwika mzigo siku ya kwanza."

Tulifanya hivyo. Lilibaki na mlio kidogo, kama mtu anayepumua puani, lakini lilifanya kazi mpaka kampuni ilipokufa.

Nami nikafika umri wa kustaafu. Nilirudishwa Kizota miaka ya mwisho, nikakaa kwenye kiti cha Mkuu wa Karakana, ambaye tulikuwa tumekwisha kumzika. Siku ya kuagwa nilipewa mabati na blanketi, Meneja Mkuu akasoma jina langu akikosea ukoo, watu wakapiga makofi. Nikakodi pikapu. Nilipakia mabati, kitanda, kabati, sanduku langu la spana, vaisi ya kubania vyuma yenye meza yake, na mimi mwenyewe. Nilikwenda nyumbani Kondoa na maisha yangu yote kwa mkupuo mmoja.

Zaina alinipokea vizuri. Alipika kuku. Wajomba walikuja, majirani walikuja, nikajiona mtu. Halafu wageni wakaondoka na mimi nikabaki.

Sijui niwaeleze vipi. Nyumba ile ilikuwa na mwendo wake. Alfajiri baada ya swala yeye alikuwa amekwisha kutoka kwenda shambani kabla mimi sijaona viatu vyangu. Mchana wenzake walikuja, wakakaa ukumbini wakisuka mikeka, na nilipoingia walinyamaza, wakanisalimu kwa adabu, wakasubiri nitoke. Alikuwa na namna ya kufunga mlango wa nyuma kwa kuuinua kidogo kisha kuusukuma na goti. Mimi nikaona mlango umelegea, nikabadilisha bawaba. Yeye akaendelea kuuinua na kuupiga goti, na sasa ulikuwa unamuumiza. Nikasawazisha mafiga jikoni kwa pima maji, kwa sababu moja lilikuwa fupi. Kumbe alipenda liwe fupi, ili mchuzi ukimbilie upande mmoja auchote. Wajukuu walipokuja likizo walimuuliza yeye kila kitu, hata wakitaka kujua kama mimi nimekula.

Kosa langu kubwa lilikuwa la sufuria. Asubuhi moja Zaina alikuwa msibani. Nikaziona sufuria zake nne nyeusi zimepangwa ukutani, nikasema leo nitamfurahisha. Nilikwangua masizi yote, kwa mazoea nikayatia kwenye kopo langu, kisha nikazisugua kwa mchanga na majani ya mkonge mpaka zikang'aa unaweza kujitazama. Nikazipanga juani. Nilikaa nikisubiri arudi, na niliona haya namna nilivyokuwa nimejaa furaha.

Alirudi, akazitazama sufuria, akanitazama, akaliona kopo.

"Unaondoka lini?" aliuliza.

"Siondoki. Nimekusafishia tu."

Alikaa kwenye kigoda chake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Baba Rukia, miaka yote ukikwangua masizi najua kesho unaaga. Ningelia kidogo, halafu ningeanza kazi zangu. Leo nimeona kopo, nikajiandaa. Sasa unasema huondoki. Sijui nifanye nini na mtu aliyekwangua masizi na hakuondoka."

Nilitaka aseme kaa. Hakulisema, na sidhani alikuwa na ubaya. Alikuwa anasema kweli tu, hakujua. Wiki iliyofuata nilimwambia nimepata kazi ndogo Kizota, jambo ambalo halikuwa kweli wakati nikilisema. Akanifungashia karanga. Kopo nililiacha kwa makusudi juu ya dirisha la jikoni, maana sikutaka tena kuondoka nalo.

Kizota nilipanga chumba nyuma ya gereji ya Fundi Neema. Huyu ni binti wa Kigogo, mtu mzima sasa, hodari, anayesuka injini za zamani kwa wanaopenda magari ya zamani na kwa wasio na uwezo wa mapya. Alinipa kona, meza, na heshima. "Shikamoo Mzee, umeamkaje?" kila siku, halafu kazi. Nilimsaidia kuoanisha. Alininunulia uji. Lakini jioni gereji ilifungwa, yeye akaenda kwa wanawe, na mimi nilikaa chumbani nikimsikiliza jirani akisonga ugali upande wa pili wa ukuta. Mtu aliyezoea kuwa peke yake kazini anadhani amejifunza upweke. Hajajifunza. Enzi za kazi nilikuwa na nyumba nilikongojwa, hata kama nilikuwa siendi.

Basi mwezi huu Fundi Neema akaletewa lori la zamani. Injini tumeisuka pamoja, imewaka vizuri. Difu imekufa. Krauni kaipata Mpwapwa, pinieni kaipata Manyoni, namba hazilingani.

"Mzee, hizi zitapatana?" aliniuliza.

"Zinaweza kuzoeana," nilisema, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mkuu wa Karakana. "Tatizo sina masizi. Mji mzima huu mnapikia gesi na mkaa."

Sikumwambia yatakapopatikana. Lakini nilimpigia simu Rukia, ambaye ameolewa Babati, nikalitaja jambo hilo katikati ya mengine, kama mtu asiye na haja nalo. Siku chache baadaye konda wa basi la Kondoa alikuja gereji akiuliza Baba Rukia ni nani. Alikuwa amebeba kopo la maziwa ya unga lililofungwa kitambaa. Ndani lilikuwa limejaa masizi mpaka juu, yamekwanguliwa vizuri, hayana hata kijiti. Mimi sijawahi kukwangua safi namna ile.

"Mama amesemaje?" niliuliza.

"Amesema yakiisha hatumi tena. Uje uchukue mwenyewe."

Konda aliondoka. Niliketi na kopo mapajani mpaka Neema akanisogelea kuona kama naumwa.

Tumefanya kazi ya krauni na pinieni kwa siku kadhaa. Dawa, zungusha, osha, paka, tazama. Jana masizi yalifutika katikati ya jino, si kamili, lakini katikati. Neema atalipeleka lori tupu mpaka Bahi na kurudi kabla ya kulitwika mzigo, nimemwapisha. Kwa kazi yote hiyo tulitumia vijiko vichache vya masizi, kwa maana kazi hii haitaki mengi. Neema alitazama kopo akacheka.

"Mzee, hili hata wajukuu zangu watalikuta."

Leo asubuhi, kabla hajafika, nililichukua kopo nikaenda nyuma ya gereji nikayamwaga masizi yote shimoni, nikafukia kwa mguu. Nikaliosha kopo kwa sabuni, nikalikausha kwa shati langu. Neema alipoingia alinikuta nimevaa kanzu safi, nimesimama getini.

"Shikamoo Mzee. Safari?"

"Marahaba. Nakwenda Kondoa."

"Sanduku je? Spana? Nikuitie bajaji?"

"Sanduku libaki. Kitanda kibaki. Nakwenda na hili tu, na nitalala siku mbili nirudi, halafu nitakwenda tena."

Alilitazama kopo tupu, akanitazama mimi.

"Si juzi lilikuwa limejaa?"

"Yameisha," nilisema.